Upepo wa Tairi la Nyuma

Nyumbani walimwita Chapchap, na jina hilo hawakulitoa hewani. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alimaliza kila kazi kabla wenzake hawajakunja mikono ya mashati. Shida ni kwamba kazi zenyewe zilikuwa hazijaisha. Kitanda chake kilitandikwa juu, huku chini ya shuka nguo chafu zimejikunja. Sufuria alizosugua zilirudi kwenye karai, na mama yake akazisugua upya akinung'unika. "Tayari!" alisema Chapchap, hata ufagio ukiwa bado mkononi.

Jumamosi hiyo aliamka mapema akafuta vioo vya pikapu, kama kawaida yake siku zisizo za shule. Mama yake alikuwa dereva. Alibeba mizigo ya watu kwenda kijiji kilichoko ng'ambo ya vilima vya mchanga, safari ambayo madereva wengi waliikataa hata kwa kubembelezwa. Leo mzigo ulikuwa wa Shangazi: maboksi ya vifaranga waliototolewa jana yake. Kundi lake la kwanza lilikufa lote kwa ugonjwa, na kina mama wenzake kijijini walikuwa wamewasubiri hawa kwa hamu.

"Wifi, hawa ndio roho yangu," Shangazi alisema akichungulia kwenye matundu ya boksi. "Jua kali likitukuta njiani, nimekwisha."

"Tutafika mapema, wifi. Ondoa wasiwasi," Mama alimjibu.

Lami ilipoisha, Mama alisimamisha gari. Mbele yao vilima vilipandana, mchanga mtupu, bila hata kijiti. Hapo lazima upepo wa matairi upunguzwe. Tairi lililojaa upepo hukata mchanga na kuzama, lakini lililolegea hutanuka na kupita juu juu. Mama alilegeza matairi mawili ya mbele, kisha akampa Chapchap kipimo cha upepo, kwa sababu binti huyo alikuwa amemsumbua wiki nzima kwamba naye anaiweza kazi hiyo.

"Haya, ya nyuma ni yako. Bonyeza pale upepo unapotokea, pima, bonyeza tena, mpaka mshale uguse alama nyekundu. Yote mawili. Mimi namsaidia shangazi yako kufunga turubai, limelegea."

Tairi la kushoto lilikuwa kivulini. Chapchap alilifanya vizuri kabisa. La kulia lilikuwa juani, chuma chake kinaunguza, na upepo ulitoka kwa uvivu huku ukimpulizia vumbi usoni. Alibonyeza kidogo, kidole kikamuuma. Akalitazama tairi, akaliona limelegea vya kutosha. Kupima hakupima.

"Tayari!"

"Umepima yote mawili?"

"Nimepima, Mama."

Kilima cha kwanza walikipanda bila taabu. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi. Walipofika katikati, nyuma ya gari ilivutwa upande wa kulia, gurudumu likazunguka mahali pamoja, mchanga ukaruka, na pikapu ikakaa kitako. Mama aliacha kukanyaga mafuta mara moja, akashuka. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limezama hata ubavu wake hauonekani.

Walichimba kwa koleo, wakatandika mbao mbele ya magurudumu. Gari likasogea hatua chache, likazama tena. Wakachimba tena. Mchanga walioutoa uliteremka na kurudi shimoni, kana kwamba umeajiriwa kuwachokoza. Jasho liliwaingia machoni, na kila mmoja alianza kumwona mwenzake ndiye tatizo.

"Sijawahi kukwama hapa," Mama alisema, akahema. "Chapchap, hili la kulia ulipima kweli?"

Chapchap alimtazama mama yake, akamtazama Shangazi aliyekuwa amekunja uso.

"Nilipima."

"Basi sielewi. Labda klachi. Fundi yule alinihakikishia imepona."

"Klachi gani?" Shangazi alifoka. "Angekuwa kaka yangu kwenye usukani, saa hizi tungekuwa tumeshafika."

"Basi kamwite kaka yako aje. Koleo hili hapa, mwachie."

"Nichezee tu, wifi! Hawa vifaranga wakifa, kijiji kizima kitajua dereva wao ni wa namna gani. Hakuna atakayekupa mzigo tena. Nitahakikisha."

Mama alirudi kwenye usukani, akajaribu mara nyingine, na gari likazama zaidi. Safari hii alishuka, akalitupa koleo chini, akaketi mchangani na kushika kichwa kwa mikono miwili. Chapchap hakuwahi kumwona mama yake amekaa hivyo. Alijichukia. Kina mama wa kijijini wangemwita mama yake dereva mbovu, na yeye ndiye pekee aliyejua kwamba si kweli.

Kwenye maboksi, sauti za vifaranga zilikuwa zimepungua. Asubuhi walipiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Sasa ilibidi utege sikio.

"Mama," alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Hili la kulia sikupima. Nilibonyeza kidogo tu, nikaacha."

Shangazi aligeuka. "Umesema nini?"

"Sikupima, Shangazi. Nilidanganya. Mara mbili."

Mama alisimama, akajipangusa mchanga, akamnyooshea kipimo.

"Kapime."

Chapchap alipiga magoti, akafukua kwa mikono mpaka akaifikia sehemu ya kutolea upepo. Mshale uliruka mbali kupita alama nyekundu. Alibonyeza, akapima, akabonyeza tena. Kidole kilimuuma vilevile, ila safari hii hakukiondoa mpaka mshale ulipotua kwenye alama. Mama alilipima tairi tena mwenyewe, kwa kuwa imani ikitoka hairudi siku hiyo hiyo. Kisha akarudisha gari nyuma taratibu kwa njia ile ile ya matairi yake mpaka chini, akavuta kasi, na kukipanda kilima mpaka upande wa pili.

Walifika kijijini jua likiwa utosini. Kina mama waliyashusha maboksi haraka, wakayaweka kivulini na kuwapa vifaranga maji. Wengi walianza kulia tena baada ya muda. Wanane hawakuamka.

"Mbona mmechelewa hivi?" mwanamke mmoja aliuliza kwa uchungu, akimtazama Mama. "Dereva, kulikoni?"

Mama alifungua mdomo, lakini Chapchap akamtangulia.

"Ni mimi. Nilipewa tairi nipunguze upepo, sikumaliza, nikasema nimepima. Mama hana kosa."

Wale wanawake walitazamana. Mama alimshika binti yake bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kazi kumshinda mtu si aibu. Ungeniambia, 'Mama, hili limenichosha,' ningelimalizia mwenyewe kabla hata turubai halijafungwa. Hata tulipokwama, ungesema ukweli tungeondoka mara ya kwanza. Upepo tungeupunguza popote. Neno lako 'nimepima' ndilo lililotukwamisha, kwa sababu nililiamini."

"Njia ya mwongo ni fupi," Shangazi alidakia, akiwafunika wale vifaranga wanane kwa kitambaa. Halafu akamgeukia Mama, sauti imeshuka. "Na mimi nilikuhukumu kabla ya kuuliza, wifi, tena mbele ya mtoto wako. Nisamehe."

"Yamekwisha, wifi."

Shangazi akajifuta macho kwa mkono wenye mchanga, akawageukia wenzake.

"Chakula cha hawa waliobaki kinakuja wiki ijayo," alisema. "Atakileta dereva huyu huyu. Aliyefikisha gari hapa leo, simbadilishi na mtu."