Injini Iliyompita Mshale

Injini ilikuwa ya moto. Ilikuwa imelala chini ya turubai tangu jana yake, haina betri, haina tone la petroli, imeng'olewa kwenye gari lililobondeka na kuletwa kwa mkokoteni; lakini fundi alipoiwekea kiganja asubuhi ile, alikirudisha haraka kama aliyegusa sufuria jikoni. Akalitazama paa la bati, akajiambia ni jua. Jua lenyewe lilikuwa halijafika upande ule. Ndivyo tulivyo binadamu, jambo likitutisha tunalitafutia jina la kawaida na kuendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana aliyejipachika jina la Mshale na kuhakikisha kila mtu analitumia. Alikuwa na kigari cha milango mitatu, kidogo kiasi kwamba abiria wa nyuma hukaa amekumbatia magoti. Sasa alitaka kitolewe injini yake, kifungwe hii kubwa, tena iongezewe turbo, ile pampu ya hewa inayoipa injini kasi.

"Kigari hiki ukikipa nguvu zote hizo kitaruka kama panzi," fundi alimwambia.

"Wewe funga tu, shemeji. Kuruka niachie mimi."

Fundi hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Lakini mkewe ndiye aliyemlea Mshale baada ya mama yao kufariki, alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa bado mtoto, na kwa mdogo wake huyo alikuwa haambiliki. "Mfungie wewe, baba watoto," alimsihi. "Akienda kwa mafundi wengine watamuua. Niahidi utaniangalizia." Fundi akaahidi. Ungefanyaje, na mtu ameshakushika mkono?

Akatengeneza vishikio vipya vya chuma, akakata chuma huku na kuchomelea kule, akaibana injini kwenye nafasi ambayo haikuwa yake. Kila alipolegeza boli, badala ya harufu ya oili ilitoka harufu ya marashi ya waridi, na chini ya marashi hayo harufu ya nywele zilizoungua. Akaiosha yote kwa mafuta ya taa. Harufu ikabaki palepale.

"Hivi injini hii uliitoa wapi?"

"Kwenye magari mabovu. Mwenyewe alipata ajali. Injini nzima kabisa, sasa shida nini?" Mshale alijibu akiwa anachezea simu.

Jioni ya kuijaribu ikafika. Fundi alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuruka kamwe: injini yenye turbo mpya haiwashwi papo kwa hapo. Plagi zote hutolewa, petroli hukatwa, kisha injini huzungushwa tupu mpaka oili ipande na kulainisha turbo, la sivyo turbo hujila yenyewe siku hiyohiyo. Bila plagi injini haiwezi kuwaka hata uipige. Hutoa pumzi tu kwenye matundu yake, paf, paf, paf, basi.

Mshale akaketi kwenye usukani na kuzungusha funguo, fundi akainama juu ya injini. Pumzi zikatoka kama kawaida, fundi akapunga mkono kwamba inatosha, Mshale akaachia funguo. Lakini injini haikusimama, iliendelea kuzunguka taratibu, na fundi akachomoa waya wa betri akabaki ameushika mkononi, na bado pumzi zikatoka, ndefu zaidi, nzito zaidi, zenye joto na zenye waridi, zikimpiga usoni moja baada ya nyingine kama za mtu aliyekuwa anakimbia na sasa amefika, mpaka mle ndani ya pumzi kukatokea sauti, nyembamba, ya mwanamke, isiyo na haraka.

"Nilikupita tu," ilisema. "Nilikupita tu, Mshale."

Mshale akatoka garini mbio. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa na sakafu ilikuwa sawa kabisa, lakini kigari kikaanza kumfuata, polepole, kikikata kona alipokata, kikisimama aliposimama, hadi mgongo wake ukagota ukutani na bampa la mbele likamgusa magoti, likakaa hapo bila kumvunja, likimnusa kama ng'ombe anavyonusa mkono. Mke wa fundi alitoka jikoni kwa ule ukelele, na ni wao wawili, mke na mume, waliomvuta wakamtoa.

Ndani, mlango umefungwa, Mshale alisema kwa mnong'ono.

"Alinipita. Mwanamke tu, kwenye gari la kawaida, sijui alikuwa anawahi wapi. Na jamaa zangu wote nyuma wananiona! Nikamfuata. Nikamgusa kidogo. Kidogo tu, dada. Likapinduka, likashika moto kwa nyuma."

"Ukasimama?" dada yake aliuliza.

"Sikusimama."

"Na injini?" fundi akauliza.

"Niliitaka. Ndiyo iliyonipita. Nikaona iwe yangu."

 Fundi alikuwa amewahi kuona wezi wa vipuri na walevi wa usukani, lakini kumuua mtu kisha ukaenda kujichagulia injini yake, kama anayechagua paja la kuku, hilo hakuwahi kuliona. Alifungua kinywa amfukuze. Akamwona mkewe amemkumbatia kijana yule, akakifunga.

Kesho yake akaitwa mganga, mama mnene mwenye mkoba kama wa mwalimu. Aliweka mkono juu ya boneti, akasikiliza, akauondoa na kuufuta kwenye gauni.

"Hili jini silitoi," alisema kwa sauti ya chini. "Halikupotea njia. Limetumwa. Nendeni kwa mama wa marehemu, mkiwa na gari lenyewe. Kijana aseme alichofanya. Mama akisamehe, litaondoka."

Fundi akarudisha plagi na waya wa betri, wakaulizia nyumba kwa muuza magari mabovu, wakaenda mchana huohuo, fundi akiendesha, Mshale nyuma amejikunja. Mke alibaki mlangoni. "Nirudishie mdogo wangu," alisema. Njia nzima kigari kilikwenda kwa adabu, hakikukohoa hata mara moja.

Mama wa marehemu aliwakaribisha kwenye kibaraza na kuwapa viti. Fundi akamgusa Mshale kiwiko. Neno moja tu lilitakiwa.

"Mama," Mshale akaanza, "tumekuja kukupa pole. Tulisikia binti yako alipata ajali. Barabara ile ni mbaya sana."

Barabarani, mbele ya nyumba, injini ikawaka yenyewe. Funguo zilikuwa mfukoni mwa fundi.

Mama hakushtuka. "Jini huyo ameishi na mwanangu tangu utotoni na hakuwahi kumdhuru mtu," alisema. "Tulipotoka makaburini nilikaa kwenye kitanda cha mwanangu nikamwita. Sikuhitaji mganga. Mwenye uchungu akiita, anasikia. Nilimwambia amtafute aliyemuua, amlete hapa aseme. Angesema, ningemwachia. Wallahi ningemwachia." Akamtazama Mshale. "Hajasema."

Majirani walikuwa wameanza kutoka. Mshale akafanya kile alichozoea, akataka kukimbia. "Nipe funguo, shemeji! Nipe!"

Fundi akazishika mle mfukoni. Angeweza kukataa. Angeweza kumkalisha chini, kumbana, labda angelia na kusema kweli. Alimkumbuka mkewe pale mlangoni. Kisha akamfikiria binti wa watu ndani ya gari lililopinduka, akinusa nywele zake mwenyewe zikiungua, huku huyu akienda kupigiwa makofi, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba.

"Chukua," akasema.

Turbo ikapiga mluzi. Mlio ukapanda, ukapanda, ukazidi mahali ambapo dereva yeyote angebadilisha gia, ukaipita kona, ukakatika. Hapakusikika kishindo. Walikikuta kigari kimesimama vizuri kando ya njia, hakina mkwaruzo, na Mshale ameshika usukani, amekufa, hana jeraha hata moja, macho yamekodolea kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwahi kujua kumdanganya mkewe, akamweleza yote, uongo wa Mshale, maneno ya mama yule kama yalivyosemwa. "Basi akachukua gari," akamalizia.

"Funguo zilikuwa kwa nani?"

Fundi akainama kuvua viatu.

"Baba watoto. Funguo zilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Mkewe hakulia, wala hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda chumba alichokuwa akilala mdogo wake, akaketi kitandani na kuuacha mlango wazi ili mumewe aone. Akaita kwa upole, kama anavyoita watoto waje kula.

"Njoo. Wewe uliyemaliza na mdogo wangu, njoo. Huku amebaki mwingine."

Kisha akasogea kidogo pale kitandani, akampisha mtu akae.