Gauni la Kwenye Jalada

Salvina ni fundi cherehani wa Isingiro. Asubuhi hupalilia kahawa na mumewe, Protase. Mchana huketi barazani na kushona.

Wiki hiyo alishona gauni la binti yake, Joviana, la sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Joviana alitaka lifanane na la mwanamke aliye kwenye jalada la jarida la mitindo.

"Mama, kiuno bado," alisema.

"Nimekipunguza jana. Nimekipunguza na leo."

"Lakini mtazame huyu."

"Nimechoka kumtazama huyo. Hata usingizini namwona."

Salvina alifumua mshono tena. Uzi ulikatika. Akaguna, akatunga mwingine.

Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba Joviana aliacha kula. Protase alimwekea ndizi na maharage, naye akaisogeza sahani.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini, na hujala?"

Kesho yake Joviana alianguka shambani akichuma kahawa. Walimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, kisha akasema, "Huyu ana njaa tu."

Salvina alirudi nyumbani na hasira. Alilichukua jarida, akaenda nalo jikoni. Hapo jirani yao Nasreen akabisha hodi. Nasreen anauza vitambaa. Kabla ya kuolewa, alikuwa mpangaji wa kurasa za jarida huko Mwanza.

"Shikamoo, Mama Joviana. Nimekuja kumpa mgonjwa pole."

"Marahaba. Ugonjwa wenyewe ni hili jarida. Nalichoma."

"Usilichome kwanza. Nipe."

Nasreen akaketi karibu na Joviana, aliyepumzika barazani pamoja na baba yake, akaliweka jarida kati yao.

"Ukitazama hapa, jicho lako linatua wapi kwanza?"

"Usoni kwake."

"Halafu?"

"Kwenye haya maandishi mekundu. 'Kiuno cha Ndoto Yako.'"

"Yamewekwa wapi?"

Joviana alitazama. "Kando ya kiuno."

"Hayakujiweka yenyewe. Mpangaji wa kurasa ametaka jicho lako litoke usoni, lishuke kiunoni. Ndiyo maana herufi ni kubwa na nyekundu. Pembeni ameacha nafasi tupu, usivutwe na kitu kingine."

"Na hicho kiuno, ni cha kweli?" aliuliza Salvina. "Maana mimi nimeshindwa kukishona."

"Gauni hubanwa kwa vibanio mgongoni, pasipoonekana. Kisha kiuno hupunguzwa pichani kwa kompyuta. Hebu utazameni mlango ulio nyuma yake."

Walisogea. Fremu ya mlango ilikuwa imenyooka juu na chini. Penye kiuno tu ilikuwa imepinda.

"Walipovuta kiuno ndani, mlango nao ukavutika," alisema Nasreen.

Kisha akafungua ukurasa wa pili. Palikuwa na habari ya msichana aliyekunywa chai fulani akapungua mwili. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, paliandikwa: Tangazo.

"Mimi nilidhani ni habari," alisema Joviana.

"Imepangwa ufikiri hivyo. Jalada linakufanya ujione una kasoro. Ukifungua, unauziwa dawa yake. Ukishika jarida, jiulize: nani ameandika hapa, na anataka nifanye nini?"

Joviana alilifunga jarida. Machozi yakamtoka, lakini yalikuwa ya hasira.

"Nimeanguka kwa sababu ya picha iliyovutwa?"

"Na mimi nimefumua gauni wiki nzima," alisema Salvina. "Simama nikupime wewe. Huyo wa mlangoni atafute fundi wake."

"Ngoja kwanza, mama. Nina njaa."

Protase alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kupakua ndizi.

Siku ya sherehe, Joviana alivaa gauni lililopimwa mwilini mwake. Alipiga magoti kuwasalimu wakwe, akainuka bila shida. Alicheza ngoma mpaka jasho likamtoka. Chakula kilipoletwa, alikula sahani yake, akaongeza. Shangazi zake wakamzunguka Salvina, kila mmoja akitaka gauni kama lile.

"Kama lile hapana," alisema Salvina. "Njooni niwapime."