Hodi Kutoka Tanurini

Jibu la kwanza ambalo Beda alilipata hewani lilimjia antena ikiwa imelala chini kwenye mabua ya mahindi. Yeye hakujua. Angejua, angezima mtambo akaenda kula ugali wake ungali moto, na leo angekuwa na vidole kumi kama watu wengine.

Beda alikuwa fundi redio, tena si wa kubahatisha. Miaka ile ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yalipofurika redio za kila ukoo, zilizopita Tunduma mchana na zilizopita porini, hakuna redio iliyokata kauli ikazikwa bila kupitia mikononi mwake. Alizifufua. Mbishi na aende Kasense akaulize. Ndipo Padre Alfonsi, mzungu mzee aliyekuwa akirudi kwao kupumzika, akamwachia mtambo wake wa kuzungumza na dunia, pamoja na kigongeo cha shaba. Kigongeo ni kadude kadogo tu ka kubonyeza kwa kidole: ukikagusa kanalia ti, ukikashikilia kanalia taa, na kwa hizo ti na taa unaandika herufi zote alizoziumba Mungu. Padre alimfundisha mpaka leseni ikatoka Dar es Salaam.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa vituko. Beda aligonga kijiko kwenye sufuria. Aligonga meza ya kilabuni, watu wakadhani anadai pombe. Wakilala, alimgonga mkewe Fransiska mgongoni, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Umeandika nini, fundi?"

"Nimeandika mboga ilizidi chumvi."

"Haya, andika na hili: kesho utapika mwenyewe."

Walicheka. Fransiska alikuwa na mimba. Mbili za mwanzo ziliharibika, na hii ilishazivuka zote mbili, tumbo limesimama kama ngoma. Hakuna kitu Beda alikitamani duniani kama mtoto huyo, isipokuwa labda kimoja: mtu mmoja tu, awe Urusi, awe Brazili, amjibu hewani.

Hakujibiwa. Aliita mpaka kidole kikaota sugu. Kosa akalijua: athi, ule waya unaoshuka kutoka mtamboni kuingia ardhini. Alikuwa ameuchomeka kwenye udongo wa kiangazi, mkavu kama ulimi wa mgonjwa. Ulitaka ardhi yenye chuma na unyevu. Na ardhi hiyo ilikuwepo nyuma ya nyumba, ndani ya ilungu, tanuri la udongo refu kuliko mtu, ambamo wazee wa Fransiska waliyeyusha chuma enzi hizo. Juu lilikuwa limebomoka, lakini tumboni lilijaa mavi ya chuma.

Mama mkwe wake, Emerensiana, binti wa myeyushaji wa mwisho, alikaa nyumba ya jirani. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawagusani, ndiyo adabu. Kwa hiyo neno lake lilipitia kwa binti, kama siku zote.

"Mama anasema usigonge chuma kwenye ilungu," Fransiska alisema kwa sauti ya chini. "Kuna jini mle. Ndilo lililokuwa likiwavuvia wazee moto, nao wakalilisha damu. Walipoacha kazi wakalizibia humo na njaa yake. Likawa linagonga kwa ndani. Waliambiana lisijibiwe."

"Mwambie mama hii ni sayansi."

"Mwambie wewe, kama una shingo mbili."

Beda akachukua nondo na nyundo, akaigongelea nondo katikati ya tumbo la tanuri, ikazama kama kisu kwenye ugali. Akafunga waya wake.

Jioni ile upepo ukivuma kutoka Mollo, alikaa akaita. Hakumaliza hata mwito wa pili. Jibu lilikuja, nene, la karibu, mpaka meza ikatetemeka. Ti ti ti ti. Taa taa taa. Taa ti ti. Ti ti.

HODI.

Kiswahili! Beda aliruka kitini. Pengine ni baharia, pengine kijana wetu anayesoma Ulaya. Na Mfipa gani aliyelelewa na mama yake anaacha hodi ining'inie mlangoni? Akainamia kigongeo, akaandika kwa madaha: KARIBU.

ASANTE, kikajibu kile kitu. Kisha chumba kikanuka chuma cha moto na nywele zinazoungua.

Asubuhi aliikuta antena chini. Waya ulikuwa umekatwa na upepo tangu juzi yake, buibui ameshautandia. Beda alisimama akiutazama utando ule, akaelewa: waya pekee uliokuwa umeshikamana na kitu chochote ni ule ulioingia tanurini. Mbele ya mdomo wa tanuri alilala mbwa wao, Polisi, bapa kama ngozi iliyotandazwa, damu imemtoka mpaka masikioni. Beda alipomwinua, mifupa ilikuwa imevunjwavunjwa vipande chini ya ngozi, vifupi na virefu, vifupi na virefu, kwa mpango.

Alikimbilia nondo aing'oe. Ilimbabua kiganja. Na hapohapo, asubuhi kweupe, Fransiska alipiga yowe jikoni.

Alimkuta amebandikwa ukutani, mgongo nje, na hakuna aliyemshika. Pigo lilimshukia mgongoni, likalia kama mwiko kwenye unga mbichi, na lingine, na lingine, fupi la kumtikisa kichwa, refu la kumburuza ukutani mpaka udongo ukabanduka pamoja na ngozi, na Beda akamrukia kumkumbata akatupwa kwenye mafiga akapoteza meno mawili, akainuka, akarushwa tena, na katikati ya vumbi na damu na moshi akatambua jambo ambalo Sumbawanga nzima ni yeye peke yake angeweza kulitambua, kwamba mapigo yale yalikuwa herufi, kwamba mgongo uleule aliojifunzia kwa ncha ya kidole ndio ulikuwa ukiandikiwa, na neno la kwanza lilikuwa NJAA, na neno la pili lilikuwa MTOTO, ambalo kwa ti na taa halina ti hata moja, ni taa tupu, mapigo marefu matupu, na lilikuwa likirudiwa.

Emerensiana alisimama mlangoni, mgongo kawageuzia kwa adabu, nyundo ya baba yake mkononi.

"Mkwe."

"Shikamoo, mama," Beda alisema, damu ikimtoka mdomoni.

"Marahaba. Uliligongea?"

"Niligonga."

"Likagonga?"

"Likagonga."

"Ukalijibu nini?"

"Karibu."

Emerensiana akageuka. Akamtazama Beda machoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, na kutazamwa huko kulimtisha kuliko mapigo.

"Aliyekaribisha mgeni ndiye anayemlisha," alinong'ona. "Ni wewe au ni huyo wa tumboni. Mkono gani?"

"Wa kulia. Mama, nisamehe..."

Mama mkwe, ambaye hajawahi hata kupokea kikombe kutoka kwake, alimkamata mkono akamburuza mpaka kwenye ilungu, akaulaza mkono ule juu ya kichwa cha nondo, ukaungua ukinuka, akaushikilia hapo kwa goti. "Lia tu," alisema. Akashusha nyundo. Kidole cha kugongea kilipasuka kama kumbikumbi. Akashusha tena, na tena, kwa pumzi za mtu anayetwanga, mpaka paliposalia kiganja na vipande vinavyoning'inia, na damu ikateremka na nondo kuingia tumboni mwa tanuri, na kutoka huko chini ikasikika sauti ya mnywaji, mnywaji mwenye kiu ya miaka, akifyonza.

Jikoni, Fransiska akaacha kupiga mayowe.

Emerensiana aling'oa nondo, ikatoka baridi. Akachinja kuku mweusi, akaziba mdomo wa tanuri kwa udongo wa kichuguu. "Umekula. Lala," akaliambia. Kisha, mgongo ukiwa umeshageuzwa tena, "Mkwe, likigonga popote lisijibiwe. Mwambie na mkeo."

Beda aliapa. Mtambo aliutupa kwenye korongo la barabara ya Muze, ukavunjikavunjika huko, hata mchunga ng'ombe hakuuokota. Lakini lile la kumwambia mkewe hakulisema. Mwanamke mwenye mimba, mgongo umejaa majeraha, umtishe tena ili iweje? Zamani maneno ya mama yalitoka kwa Fransiska kuja kwake. Safari hii yalipaswa kutoka kwake kwenda kwa Fransiska, na njia hiyo hakuizoea.

Mvua za kwanza zikanyesha. Majeraha yakafunga. Asubuhi moja ya jua zuri walikaa barazani wakipukuchua maharage, mama mkwe akionekana kule mbali akilima, na Fransiska akacheka peke yake, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe akauweka tumboni.

"Shika, fundi. Leo anacheza huyu!"

Beda alishika, akatabasamu. Mtoto alipiga teke. Vifupi vinne, laini, vya kutekenya. Kisha akasukuma kwa mguu wote, virefu vitatu. Tabasamu likaganda. Kirefu, vifupi viwili. Vifupi viwili.

Kile kitu kikatulia. Kikasubiri, kama anavyosubiri mgeni mwenye adabu aliyekwisha kupiga hodi.

Beda alikumbuka neno ambalo hakulifikisha. Aliinua mkono wa kulia haraka amzibe mkewe mdomo, na mkono wenyewe haukuwa na vidole vya kuzibia.

Fransiska alikuwa ameinama akilitazama tumbo lake, akicheka.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu sana."