Ukili wa Siku Ishirini na Sita

Kabla ya kuwasha moto, Mwanvua alikuwa anapapasa dirisha. Blanketi lililoziba dirisha lazima likae sawasawa, mwanga usipate tundu. Kisha anafunga kitambaa kwenye komeo la mlango lisilie. Adija, binti yake wa miaka tisa, alishajua kazi yake. Anavua ndala nje, anaingia kwa vidole vya miguu, kama mwizi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Gizani alilala fundi Massoudi.

Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua Massoudi. Alikuwa fundi wa malori kule kwenye mabohari, karibu na bandari. Anakunywa chai, lori linapita barabarani, anatega sikio: "Ile injini inakufa kesho." Kesho ikifika, inakufa kweli. Mambo hayo yalikuwa kabla ya msumari.

Mwezi wa pili mwaka ule, 1969, alikanyaga msumari wenye kutu. Akautoa kwa koleo, akapaka grisi mahali pale, akarudi kazini. Siku ya nane taya likakaza. Shingo ikakaza. Mgongo ukajipinda kama upinde wa mwindaji. Pepopunda.

Hospitalini walimlaza chumba cha peke yake, chenye giza. Muganga mkubwa alimwambia Mwanvua: "Mama, mugonjwa wa namna hii, mwanga unamuchokoza, makelele yanamuchokoza. Giza na kimya. Unasikia?" Mwanvua alisikia. Alikaa pale siku ishirini na sita, na Mungu akajalia, mume wake akatoka hai.

Amri ile aliibeba mpaka nyumbani. Giza na kimya. Miezi minne sasa.

Lakini Massoudi hakupona. Mgongo ulimchoma kama pasi ya makaa. Kila ukichoma, alishika taya lake kuangalia kama linakaza tena. Hakutoka kitandani. Miguu ilikonda ikawa kama ya kuku. Majirani wakija, Mwanvua aliwarudisha mlangoni kwa ishara ya mkono. Siku moja Adija aliangusha kifuniko cha sufuria, na Massoudi akapiga yowe mpaka mtoto akajikojolea.

Kisha likaja jambo baya kuliko mgongo. Massoudi aliacha kula chakula cha mkono wa Mwanvua. Sahani akiileta Adija, anakula. Akiileta Mwanvua, anageukia ukutani.

"Baba Adija, nimekukosea nini?"

"Unajua."

"Sijui, haki ya Mungu."

"Unajua, Mwanvua."

Walikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa, na tangu mtoto azaliwe alikuwa anamwita Mama Adija. Sasa alimwita Mwanvua, kama mpangaji wa jirani.

Jumatatu alituma salamu kwa baba yake mdogo, Mzee Mohamadi. Aje Ijumaa baada ya sala, aje na mashahidi wawili. Anataka kumpa huyu mwanamke talaka yake.

Mwanvua hakulala tena vizuri. Ndani ya sanduku lake, chini ya nguo zote, kulikuwa na kitu alichokificha tangu hospitalini. Alijiuliza: je, Massoudi alikiona? Angekionaje? Alikuwa kama maiti siku ile.

Alhamisi asubuhi mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Hodi! Hodi hapa! Mama Adija, mukeka wangu uko wapi?"

Mwanvua alikimbia na kidole mdomoni. Alikuwa Dorothée, muganga wa zamu kule hospitalini, mwanamke wa Bukavu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku zile za ugonjwa alimwona Mwanvua akisuka, akaagiza mkeka.

"Pole pole, dada! Shhh!"

"Kuna mutoto mchanga?"

"Apana. Ni yeye. Giza na kimya, mulituambia."

Dorothée alichungulia ndani. Hakuona kitu. Harufu ya chumba kilichofungwa ikamjia puani.

"Tangu lini munakaa hivi?"

"Tangu tutoke kwenu."

"Mungu wangu! Miezi ine? Mama Adija, munafuga popo?"

Mwanvua alitaka kucheka. Kilichotoka ni kilio. Akajifuta kwa ncha ya kanga, akaeleza yote: mgongo, yowe, sahani, na talaka ya kesho.

Dorothée alikaa kwenye kizingiti. Sauti yake ikapungua.

"Sikia. Giza lilikuwa dawa ya pepopunda. Pepopunda iliisha, na dawa yake ilipaswa kuisha ile siku tuliwapa ruhusa. Hatukukuambia. Kosa ni letu. Na mutu aliyelala miezi ine gizani, mgongo utamuuma tu, hata kama ni ng'ombe. Lakini niambie: amekuambia aliona nini kule ndani?"

"Angeona nini? Alikuwa hana akili."

"Wanaona, mama. Homa kali, dawa za usingizi, maumivu, kichwa kinatunga mambo yake. Wengi wanatoka mule na picha mbaya, wanaona aibu kuzisema. Twende."

Waliingia. Kitanda kikalia kidogo.

"Nani huyo?" Massoudi aliuliza.

"Dorothée, fundi. Muganga."

"Na we ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sema uliyoyaona. Sitakuita mwenda wazimu."

Massoudi alishika taya lake kwanza.

"Haikuwa hospitali," Massoudi alisema polepole. "Ilikuwa bohari. Watu hawana sura. Walinitia waya puani, kama mutu anachaji betri. Kila siku narudi pale nikifumba macho. Na huyu..." Akanyoosha kidole alipo Mwanvua. "Huyu alinifunga mukono na kanga yake. Akawaambia, 'Mumalize haraka.' Nilisikia na masikio yangu. Halafu leo ananiletea wali."

Mwanvua angeweza kukana. Ilikuwa rahisi. Mgonjwa aliota, nani angemwamini? Alimtazama Dorothée, lakini gizani hakuona uso wake. Jambo hili lilikuwa lake Mwanvua.

Akaenda kwenye sanduku. Akachimba mpaka chini.

"Ni kweli," alisema. "Nilikufunga. Kanga ni hii."

Kitanda kikatikisika. "Unaona! Amekubali!"

"Na hii nayo uitazame," Mwanvua alisema, akitoa kitu kingine sandukuni. "Lakini inataka mwanga."

"Usiguse dirisha! Mwanvua! Utaniua!"

Mwanvua alisimama dirishani, blanketi mkononi. Kama muganga amekosea? Kama mgongo utapinda tena, hapa, mbele ya macho yake? Mtu angesema: kesho anaachwa, leo akamuua mume wake. Alisema Bismillahi, akavuta.

Jua likaingia lote kwa pamoja. Massoudi alipiga yowe, akafunika uso kwa mikono miwili. Walingoja. Adija alikuwa mlangoni, ameng'ata kidole.

Mgongo haukupinda. Taya halikukaza. Machozi tu yalimtoka, maana macho yalikuwa yamesahau jua.

"Hesabu pumzi," Dorothée alimwambia. "Ingiza taratibu. Toa taratibu. Unaona? Uko hai, na ni mchana."

Polepole Massoudi alifungua vidole. Mbele yake Mwanvua alikuwa ameshika ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, kabla ya kushonwa kuwa mkeka.

"Kule hospitalini sikuwa na la kufanya," alisema. "Nilisuka. Kila siku pima ya mukono, na mwisho wa siku naingiza unyuzi mweusi. Hesabu. Hapa siku ya kwanza. Hapa ya tatu, ulinywa maziwa kwa mpira. Ule waya wa puani ni mpira, Baba Adija. Njia ya uji na dawa, maana mdomo ulikuwa hauachami. Hapa ya saba, Adija alileta machungwa, wakamuzuia mlangoni."

Kidole cha Massoudi kilifuata nyuzi nyeusi. Kikafika mahali penye fundo. Pale usukaji ulikuwa umekatika.

"Na hapa?"

"Siku ya tisa. Sikusuka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekushika. Ulikuwa unang'oa mpira, damu inatoka. Vitambaa vya kufungia vilikuwa vimeloa. Dada huyu aliniomba kanga, nikatoa. Walipokuwa wanaurudisha, ulikuwa unalia kama mutoto. Ndiyo nikasema mumalize haraka. Sikuweza kukuona hivyo."

Massoudi aligeuka kwa Dorothée.

"Ni hivyo," Dorothée alisema. "Toka adhuhuri mpaka magharibi hakukuachia. Ungeng'oa ule mpira tena, tungekuzika. Kichwa chako kilichukua vipande vya kweli, kanga, mpira, maneno, kikashona nguo yake mbaya."

"Mbona hukuniambia?" Massoudi alimuuliza mke wake.

"Niliona haya. Mwanamuke anafungaje mume wake? Nikaficha."

Nje mtu alipita na baiskeli. Massoudi alikamata ile kanga, akaivutia kifuani, akabaki ameishika.

Baadaye akauliza kama fundi: "Na mgongo? Nao ni ndoto?"

"Apana. Unauma kweli. Mishtuko ya pepopunda ilibonyeza pingili mbili. Tuliona kwenye picha. Lakini zimeshaunga. Fundi, mi nikuulize. Honi ya lori imekwama, inalia tu. Kuna hatari mbele?"

"Apana. Waya zimegusana mahali."

"Utalilaza lori gereji miezi ine kwa sababu ya honi?"

Pembe ya mdomo wake ikacheza. "Betri itakufa. Na matairi yataharibika."

"Haya. Mgongo wako ni honi. Inalia kwa nguvu kuliko kidonda. Ukiogopa, inazidi. Ukilala, inazidi. Utatembea kidogo kila siku. Leo mpaka mlangoni. Kipimo kimoja siku nzuri na siku mbaya. Ukijisikia simba usikimbie, kesho utalala tena. Watu waje wakusalimie, wasikae mpaka wakuchoshe. Ndoto ikija, muambie Mama Adija, musiifiche wote wawili."

"Na vidonge? Kuna mutu sokoni anauza."

"Vile si karanga! Njoo kwetu, tutakupa kwa kipimo. Na miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, au homa ikipanda, uje mbio. Na roho ikikuambia ujimalize, hiyo nayo ni ugonjwa. Usiifiche, useme siku ileile."

Massoudi aliinamisha kichwa. Mwanvua aliona, akaelewa kwamba roho ilikuwa imeshamwambia. Alimshika bega. Hakuutoa mkono.

"Kitu kingine," Dorothée alisema akiinuka. "Sindano ya pepopunda hujamaliza. Kuugua mara moja hakukukingi. Na nyinyi wote mukachanjwe. Kidonda kinaoshwa na sabuni, fundi. Grisi ni ya gari."

Ijumaa Mzee Mohamadi alifika na mashahidi wake, kanzu nyeupe, kofia mpya. Alikuta jambo lililomshangaza. Dirisha wazi. Massoudi amekaa kwenye kiti cha mlangoni, jasho linamtiririka, meno yameumana.

"Niko hapa," Mzee alisema. "Sema neno uliloniitia."

Nyuma ya nyumba Mwanvua aliacha kukoroga mboga. Jana alisikia mengi, lakini neno la talaka hakulisikia likirudishwa.

"Baba mdogo," Massoudi alisema, "lile neno sina tena. Nilimukosea Mama Adija. Lakini mashahidi bado nawataka."

"Wa nini?"

"Washuhudie mi natembea mpaka kwenye geti."

"Yaani nimepiga kanzu pasi ili nione mutu anatembea?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, tembea basi, kabla haijajikunja!"

Hatua kumi na moja. Kila hatua uso ulikunjamana. Shahidi mmoja alitaka kumkamata, Mzee akamzuia kwa fimbo. Alipolishika geti, Mwanvua alikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi.

Nisikudanganye, mgongo haukuacha kuuma. Kulikuwa na siku alitukana hata kuku. Kulikuwa na siku bohari lile lilirudi machoni pake. Akawa anasema, "Mama Adija, leta ukili," wanahesabu pamoja mpaka linaondoka. Geti likawa msikiti. Msikiti ukawa soko. Mwezi wa kumi alirudi kazini nusu siku. Halali tena chini ya malori. Anakaa kwenye sanduku, anasikiliza injini, vijana wanafungua anapowaambia. Dorothée alipata mkeka wake, mwingine. Ukili wa siku ishirini na sita haukuuzwa. Mwanvua alitaka kulifumua fundo la siku ya tisa, Massoudi akakataa. Ulishonwa nalo kuwa mkeka, na Massoudi anaswalia hapo.

Siku moja adhuhuri Adija aliangusha tena kifuniko cha sufuria. Kililia, kikabingirika mpaka chini ya meza. Mtoto akaganda. Mwanvua akaganda, sahani mkononi.

Massoudi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alivuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu.

"Honi tu," alisema. "Okota, mwanangu."

Kisha akanyoosha mikono miwili kwa mke wake.

"Leta wali, Mama Adija. Unapoa."