Glasi ya Maji ya Babu Karai

Kila asubuhi, kabla ya chai, Babu Karai alikwenda kulijulia hali bwawa lake.

Halikuwa lake kwa hati. Lilikuwa la kijiji kizima. Lakini tuta la udongo linaloyazuia maji yake lilijengwa alipokuwa kijana, na yeye alikuwa mmoja wa wajenzi. Siku zile hapakuwa na mashine. Udongo ulibebwa kichwani, karai kwa karai, ukamwagwa, ukashindiliwa. Alibeba mpaka watu wakasahau jina lake. Hata mkewe alimwita Karai.

Sasa tuta lilikuwa limezeeka na kuota nyasi fupi. Bado lilizuia maji ya kutosha mabomba yote ya kijiji. Babu alitembea juu yake polepole, mikono mgongoni. Upande mmoja maji yalikuwa yametulia. Upande wa pili, bondeni, yalionekana mapaa ya nyumba. Paa la tatu lilikuwa la binti yao, mshonaji. Upepo ukivuma vizuri, babu alisikia cherehani yake.

"Umeamkaje, mzee mwenzangu?" alilisalimia tuta. Kisha alirudi nyumbani.

"Limekujibu?" mkewe alimuuliza kila siku akimmiminia chai.

"Limesema upunguze wivu."

"Nilionee wivu rundo la udongo? Kunywa chai yako huko."

Miaka miwili nyuma, magoti ya bibi yalianza kumsumbua. Bombani pakawa mbali. Babu hakupenda kumwona akichechemea na ndoo. Siku moja aliona mahali pabichi chini kabisa ya tuta, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Maji yalitoka kidogo kidogo, safi kama machozi. Akachukua jembe, akapapanua, akapazungushia mawe. Kikawa kisima kidogo.

"Chemchemi yako hiyo," alimwambia mkewe. "Usije ukasema sijawahi kukupa zawadi."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akapanda mboga pembeni. Zikastawi hata wakati wa kiangazi. Majirani wakazisifu, naye akasema kwa maringo, "Mimi nina chemchemi yangu."

Kisha mwaka huu mvua zikanyesha kwa wingi. Bwawa likajaa.

Asubuhi moja bibi alitazama ndani ya kikombe chake.

"Karai, maji uliyochota leo yamenipa chai au shamba?"

Babu naye akatazama. Chini ya kikombe palikuwa na udongo laini.

"Ni mvua tu," alisema.

"Mvua ilikoma juzi."

Babu alikwenda kutazama kisima. Maji yalikuwa yameongezeka, na rangi yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyotiwa chai. Mdomoni mwa tundu palikuwa na mchanga laini, umejikusanya kama kichuguu kidogo. Bwawa lake linavuja? Bwawa alilolibeba kwa kichwa chake?

Hakumwambia mtu. Alitoa karai lake la zamani, akalijaza udongo wa mfinyanzi. Akabeba mara sita. Akaliziba tundu lile, akalishindilia kwa miguu kama zamani. Maji yakakoma.

"Umeona?" alimwambia mkewe, jasho likimtoka. "Bwawa hili halivuji."

"Na chemchemi yangu?"

"Imepumzika."

Bibi akachukua ndoo, akachechemea kwenda bombani.

Kesho yake, baada ya chai, bibi alikwenda kwenye mboga zake. Babu akasikia anaitwa.

"Karai! Njoo uone iliyopumzika!"

Hatua tatu kutoka kwenye ule udongo mpya, maji yalikuwa yanabubujika upya. Safari hii yalitoka kwa nguvu, na yalikuwa machafu zaidi.

"Nitaliziba na hili," babu alisema, akageuka kufuata karai.

Bibi alimshika mkono. "Simama. Mwite fundi wa maji."

"Nimwambie nini? Kwamba kazi yangu ni mbovu?"

"Mimi magoti yakiniuma, nasema. Wewe bwawa lako linaumwa, unalifunga kitambaa mdomoni. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Sauti ya cherehani ilifika kutoka bondeni. Ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Bila shaka binti yao alikuwa anamalizia pindo. Babu alilitazama paa lile la tatu. Kisha akatazama maji machafu yaliyokuwa yanatiririka kuelekea huko huko.

"Nipe simu," alisema.

Fundi wa maji alifika kwa pikipiki kabla ya saa tatu. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vyake vya mpira vimejaa viraka.

"Shikamooni, babu na bibi. Naomba glasi."

"Una kiu?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi. Nataka maji yenyewe yaniambie."

Alikinga maji yale kwenye glasi, akaiweka juu ya jiwe. Wakangoja. Polepole udongo ukatua chini, unene wa kidole.

"Babu, bwawa la udongo kupitisha maji kidogo si aibu," fundi alisema. "Karibu yote hupitisha. Yakitoka kidogo na safi, tunayaangalia tu, tuone kama yanaongezeka. Lakini haya yamebeba udongo. Udongo huu umetoka wapi?"

Babu aliinama karibu na ile glasi.

"Ni udongo wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Umetoka ndani ya tuta."

"Ndiyo. Ndani kuna njia inayochimbwa na maji. Ikipanuka, tuta huweza kubomoka kwa muda mfupi sana."

"Mimi nilipanua tundu kwa jembe. Kisha nikaliziba."

"Kwa nini?"

"La kwanza, kwa ajili ya magoti yake. La pili, kwa ajili ya kiburi changu."

Bibi akainama kung'oa jani ambalo halikuwa na kosa lolote.

Fundi hakumgombeza. "Usichimbe tena chini ya tuta, babu. Wala usizibe. Maji ni kama mtu aliyefungiwa mlango. Atavunja dirisha."

Akapiga simu ofisini kwao. Akafungua vali kubwa ili maji ya bwawa yapungue polepole. Kisha akasema, "Watu wote wa bondeni wapande kilimani sasa hivi. Wasirudi mpaka niseme."

Bibi alimpigia binti yake. "Toka ndani! Bwawa lina hatari."

"Mama, nina gauni la bibi harusi mezani!"

"Bibi harusi atafunga ndoa amevaa shuka. Toka, mwanangu!"

Binti alipanda kilima amebeba cherehani kichwani na gauni begani. Majirani walimfuata na watoto wao. Babu alipomwona amefika juu, aliketi chini.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

Fundi alimgeukia bibi. "Una chujio la chai?"

"Saa hii mnataka chai?"

"Lilete tu."

Fundi alilinyanyua wote walione. "Ukimimina chai hapa, chai inapita na majani yanabaki. Ndicho tunachokitaka. Maji yapite, udongo ubaki. Tutafunika mahali pote palipolowana. Kwanza mchanga safi, kisha kokoto, juu yake mawe."

Jirani mmoja aliyebaki kusaidia alikuwa na mchanga na kokoto za kujengea. "Chukueni," alisema. "Nyumba yangu itangoja. Bwawa haliwezi." Vijana wachache wenye nguvu walishuka kusaidia, mmoja akiwa juu ya tuta kuangalia na filimbi mdomoni.

Babu alisimama. Akalichukua karai lake.

"Karai, mgongo wako," bibi alisema.

"Moja tu."

Alibeba manne. La tano alinyang'anywa.

Mboga zote za bibi zilifunikwa na mchanga. Alizitazama zikizama. "Mwaga," aliwaambia. "Mboga huota tena."

Hadi alasiri maji yalikuwa bado yanatoka kati ya mawe, lakini rangi yake ilikuwa imeanza kubadilika. Kesho yake yalitoka safi. Siku ya tatu bwawa lilikuwa limeshuka sana, na fundi akawaruhusu watu kurudi nyumbani. Kiangazi kilipokuja, wahandisi walilichimba tuta mahali palipoharibika, wakalijenga upya na kuweka chujio la kudumu ndani yake.

"Kazi yenu ya zamani ilikuwa nzuri, babu," fundi alisema. "Imezeeka tu. Kila mzee huhitaji mtu wa kumwangalia."

"Sikia hilo," bibi alimwambia mumewe.

Kijiji kilimchagua babu awe mwangalizi wa bwawa. Pia kilivuta bomba mpaka uani kwake, ili bibi asitembee mbali. Bibi akapanda mboga mpya pale, si chini ya tuta tena.

Sasa kila asubuhi babu hukinga maji yanayotoka kwenye chujio. Huiacha glasi itulie. Kisha huandika katika daftari: ni mengi au machache, ni safi au machafu. Akiona yamebadilika, humpigia fundi siku hiyo hiyo. Haoni aibu tena.

Jana alirudi na glasi mkononi, akainyanyua kwenye jua, mbele ya mkewe.

"Limekujibu?" bibi aliuliza.

"Limejibu."

"Unaona nini humo?"

Babu alitazama kupitia maji yale. Hapakuwa na hata chembe ya udongo.

"Nakuona wewe," alisema.

Bibi akamsogezea kikombe. Kutoka bondeni, cherehani ilikuwa inakimbia.