Fundi na Foleni ya Mionzi

Fundi cherehani hakujua kutulia. Miguu ilikuwa kwenye pedali, mikono ikisukuma kitambaa, macho mlangoni yakitafuta wateja. Gauni lilipoanza kumbana kifuani upande mmoja, hakujiuliza mwili wake una nini. Alifumua mshono, akaongeza kipande. Miezi mitano baadaye akafumua tena.

"Yaani unaushonea uvimbe nguo?" mumewe, seremala, aliuliza. Siku hiyo hiyo alimpeleka zahanati.

Ilikuwa saratani ya titi. Fundi alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri. Sasa alihitaji mionzi, tena bila kuchelewa, ili ugonjwa usirudi. Mashine ilikuwa moja tu, katika hospitali kuu, mwendo wa saa tano kwa basi. Namba za kuanza tiba zilitolewa dirishani kila Jumatatu asubuhi. Walikwenda mara tatu. Mara zote tatu walikuta namba zimekwisha. Wanaokaa karibu walikuwa wamewahi.

Seremala alishika randa, akaiweka, akaishika tena. "Ugonjwa wenyewe hausubiri Jumatatu," alisema.

Nesi wa zahanati ndiye aliyewaletea habari. "Serikali inaandika sera ya taifa ya saratani. Rasimu ipo tayari. Alhamisi wanasikiliza maoni ya wananchi."

"Hiyo rasimu ni ya kunywa au ya kupaka?" seremala aliuliza.

"Shemeji, acha utani. Sera ndiyo itakayosema nani atibiwe lini, wapi na kwa utaratibu gani. Ikiandikwa bila nyinyi, lile dirisha litabaki vile vile."

"Mimi nitasema nini mbele ya madaktari?" Fundi aliuliza.

"Sema yaliyokupata. Hayo wao hawayajui."

Alhamisi, ukumbini, Fundi alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika pasi ya moto.

"Nina wiki ya nane tangu nifanyiwe upasuaji. Mionzi sijapata. Foleni ipangwe kwa hali ya mgonjwa. Leo inapangwa kwa aliyelala karibu na dirisha."

Daktari mkuu wa mionzi wa ile hospitali kuu aliandika. Kisha, akifungua ukurasa wa utafiti kwenye rasimu, alieleza kwamba dawa mpya zinafanyiwa utafiti kwa wagonjwa wa mjini tu, maana ni rahisi kuwafuatilia.

"Daktari," Fundi alisema, "nikishona sare za shule nzima kwa kipimo cha mtoto mmoja, zitawabana wangapi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Tuingizeni na sisi wa mbali. Lakini mtuombe ridhaa kwanza, na majibu mturudishie."

"Hapo umenibana mimi, mama," daktari alikiri. Kabla kikao hakijafungwa alitangaza: kuanzia wiki hiyo, zahanati zitume taarifa za wagonjwa kwa simu, na hospitali iwapangie tarehe.

Siku ya tano nesi alipiga simu. "Mama, Jumanne ijayo saa nne. Nafasi ni yako."

Fundi alimaliza mionzi, akapata nafuu. Mwaka uliofuata sera ilipitishwa. Foleni sasa ni kwa hali ya ugonjwa. Mgonjwa haingizwi kwenye utafiti bila ridhaa yake. Na upande wao wa nchi umeahidiwa mashine.

Mashine hiyo bado haijafika. Kwa hiyo kila akitoka kupimwa, Fundi hupita ofisi ya afya.

"Mama, umekuja tena," karani husema.

"Nimekuja. Imefika wapi?"