Joto la Nkwabi

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwani Nkwabi anarushia upi?"

"Najua anarushia upi. Nilitaka ujisikie mwenyewe unavyoongea. Mnataka kumvunja Nkwabi mkono."

"Tunataka abaki."

"Abaki na nini, kisiki?"

"Mfupa unaunga, Ngasa. Miezi minne, mitano, yuko juu ya kichuguu cha warushaji anarusha. Akishapanda roketi nani anamuunga?"

"Toka kwenye kibanda changu, Mandago."

Mandago hakutoka. Alichomoa kipande cha nondo kilichofungwa skafu ya timu akakiweka mezani, katikati ya nyuzi na sindano. Ngasa akaipiga meza teke kwa chini, kikaruka. Mandago akamtandika ngumi ya mdomo. Ngasa akajibu kwa kichwa, kikatua kwenye pua. Wakashikana mashati na kuburuzana ndani ya kibanda cha hatua tatu kwa tatu, wakivunja taa na kumwaga visanduku, mpaka rafu ya vyuma ikawaangukia wote wawili. Hapo wakabaki chini wanahema, damu inawachuruzika, kila mmoja anamsubiri mwenzake achoke.

Walikuwa marafiki. Mandago ndiye aliyekuwa mkuu wa mashabiki wa Wachimbaji, timu ya besiboli ya Kahama, na Ngasa alikuwa fundi wa mikonohisi, kibanda chake kimeegemea ukuta wa uwanja.

Mkonohisi ni soksi ndefu nyeusi, unaivaa kuanzia vidole mpaka begani. Ndani ina nyuzi elfu tatu nyembamba kuliko unywele. Mrushaji mwenyewe anafungwa kitumaji, kibati kidogo chini ya kiwiko, kinasoma mishipa yake. Akirusha mpira, yanayopita mkononi mwake yanaruka mpaka chumba cha mitambo, yanapita kwenye sanduku linaloitwa chujio, halafu yanashuka kwenye mikono ya watu elfu arobaini jukwaani. Muuza vitumbua anarusha. Mzee wa kiharusi, mkono wake umekufa miaka tisa, anarusha. Kuhusu chujio watu waliambiwa kwamba kazi yake ni kutoa maumivu, ili shabiki apate utamu peke yake. Ngasa alijua kila uzi wa soksi, lakini chujio hajawahi kulifungua. Lilikuwa na lakiri ya bodi ya timu.

Msimu wa kwanza Nkwabi alikuwa mrushaji mzuri tu. Msimu wa pili kikaja kitu kingine. Akirusha, joto linapanda kutoka kwenye kiwiko, linafika begani, linamwagika kifuani kama chai ya tangawizi kwa mtu aliyelowa mvua. Watu wazima walilia. Kuna jamaa aliuza ng'ombe wawili wa mahari akanunua tiketi za msimu mzima, na mchumba akaolewa na mwingine, na jamaa hakujuta. Jukwaa likajifunza kuomba kwa neno moja: joto, joto, joto. Ikawa hivyo mpaka msimu wa nne, na kila msimu joto lilizidi.

Sasa bodi ilikuwa imemuuza kwa timu ya Mwezini.

"Unamkumbuka Luhende?" Mandago aliuliza, kichwa amekilaza kwenye mguu wa meza.

Ngasa alimkumbuka. Luhende alikuwa kaka yake Mandago, alikwenda Mwezini kuchimba barafu. Kule mtu ni mwepesi, na mifupa inazoea wepesi. Ukipitisha misimu mitatu, huwezi kurudi tena. Luhende alirudi kwa ubishi. Wiki ya pili alipiga chafya, mbavu mbili zikavunjika. Wiki ya tano alijaribu kushuka kitandani.

"Tulimzika vipande vipande," Mandago alisema. "Mama ndiye aliyemkusanya. Halafu wewe unaniambia nimpungie mkono Nkwabi, nimuimbie, nirudi nyumbani nikale."

"Apite ukaguzi au asipite, hilo ni shauri lake."

"Ukaguzi ni leo saa kumi na moja. Akisharusha mpira wa kwaheri, madaktari wa Mwezini wanampiga picha ya mkono. Wakikuta mfupa umekatika, biashara imekufa. Saa kumi na moja, Ngasa. Kesho yuko juu."

Ngasa akatema damu. "Kwa nini usipige wewe?"

"Mimi nikipiga namuua. Wewe unajua mfupa ulipo." Mandago akajiinua kwa kiwiko. "Na wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni ya kumuaga. Lazima umkague kitumaji. Atakunyooshea mkono mwenyewe."

Hilo ndilo lililommaliza. Ngasa aliiona picha yenyewe, Nkwabi ananyoosha mkono bila kuangalia, kama alivyonyoosha mechi zote za misimu minne, na kuanzia kesho asingeunyoosha tena. Akainama akaiokota nondo.

Saa kumi uwanja ulishachafuka. Bodi iliogopa fujo, ikaweka bati thelathini mlangoni. Bati ni askari wa mashine, ana magurudumu matatu na mikono minne, na hana uso, watu wa Kahama hawajawahi kumpenda. Mmoja alimsukuma mama aliyebeba bango la kwaheri, mama akaanguka, bango likapitiwa na gurudumu. Ilitosha. Vijana wa Mandago waliwaingia kwa nyundo za mgodini. Bati mmoja aliangushwa akapasuliwa kichwa mpaka nyaya zikamtoka kama utumbo. Mwingine alimkamata kijana mmoja shingoni akambamiza ukutani mara tatu, kwa mpigo uleule, mpaka watu sita wakaning'inia kwenye mkono wake ukang'oka. Kijana aliachwa amekaa chini anahesabu meno kwenye kiganja. Juu ya yote hayo spika zilikuwa zinacheza wimbo wa timu.

Mashabiki wakaingia. Hamsini wakashuka kwenye njia ya chini ya ardhi inayotoka chumba cha wachezaji mpaka uwanjani, wakajipanga pande mbili. Hii ndiyo foleni ya makofi. Wachimbaji hawamuagi mtu kwa maua. Mchezaji anayeondoka anapita katikati, na kila shabiki anampiga kofi la mgongo kwa nguvu zote, ili aondoke na alama za vidole vya Kahama. Ukipigwa kidogo ujue hukupendwa. Kuna golikipa wa zamani, enzi za mpira wa miguu, alitoka pale anatema damu na anacheka.

Nkwabi Shija alitokea kifua wazi. Mtu mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Akaingia kwenye foleni.

Walimpiga. Makofi yalilia kwenye ile njia kama mbao zinazopasuliwa. Waliokuwa wanalia walipiga zaidi. "Hili la mama yangu." Paa. "Hili la Ushirombo nzima." Paa. "Unatuachia nani, mshenzi wewe." Paa. Mgongo ulivimba, ngozi ikachanika sehemu mbili, akapiga goti, akainuka. Na kila kofi lilipotua, Ngasa aliyekuwa mwisho kabisa, soksi yake imevaliwa mkono wa kushoto, alisikia kijoto kidogo kinapita kwenye kiwiko. Alidhani ni hofu yake.

"Fundi," Nkwabi alisema alipomfikia. "Mdomo umefanyaje?"

"Nilianguka."

"Kahama nzima leo imeanguka." Akatabasamu, akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, na macho akayapeleka kule kwenye mwanga wa uwanja. "Angalia kama kimekaza. Nataka cha mwisho kiwafike vizuri."

Ngasa alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto. Akakiegemeza kiwiko kwenye nguzo ya chuma. Kwa mkono wa kulia akaivuta nondo kutoka kiunoni akaishusha kwa nguvu zake zote, vidole viwili chini ya kitumaji.

Mfupa ulilia. Watu wote kwenye njia waliusikia.

Na hapohapo Ngasa akamwachia Nkwabi. Joto lilipanda kwenye mkono wake wa kushoto kama halijawahi kupanda, likajaa begani, likamwagika kifuani, tumboni, mpaka machozi ya utamu yakamtoka na mdomo ukafunguka wenyewe. Nondo ilianguka. Nyuma yake Mandago alikuwa ameshika ukuta, macho amefumba, anahema kama mtu aliye na mwanamke. Watu hamsini wa foleni walikuwa wamejikunja vilevile. Na huko juu, watu elfu arobaini ambao hawakuona kitu walinguruma. Vumbi lilianguka kutoka darini. Misimu minne jukwaa halijawahi kutoa sauti ile.

Nkwabi alikuwa chini, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na hakupiga kelele. Alikuwa amezoea kutopiga.

"Umesikia?" Nkwabi alimuuliza Ngasa.

Ngasa alikuwa anajifuta machozi.

"Nakuuliza, fundi. Tamu?"

"Chujio linatoa maumivu," Ngasa alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ndivyo tulivyoambiwa. Linayatoa."

"Linayatoa linayapeleka wapi?" Nkwabi alisema. "Kiwiko changu kilipasuka msimu wa pili. Daktari akasema nipumzike mwaka. Nikarusha mechi moja tu ya kuagia. Bodi wakasikia jukwaa siku hiyo, wakamfukuza daktari. Chujio halimwagi kitu, bwana. Linapika. Kikiniuma kidogo mnapata uvuguvugu. Kikiniuma sana mnaita joto."

Mandago alisogea, jasho linamtoka. "Kaka, hatukujua. Sisi tulitaka usiende. Luhende wetu..."

"Niliomba mimi."

"Uliomba nini?"

"Kuuzwa. Niliwapigia magoti wanipeleke Mwezini. Kule mkono una uzito wa moja ya sita ya huku. Na sheria yao inakataza mikonohisi, mtu anarusha, watu wanaangalia, basi. Mifupa iishe, ilikuwa inaisha hata hapa. Nilibakiza mpira mmoja." Akautazama mkono wake. "Mmoja tu."

Kisikizi kwenye sikio la Ngasa kikaita. Ilikuwa sauti ya chumba cha mitambo, kijana fulani mchangamfu, anaongea haraka.

"Fundi, hapa juu mita imegonga mwisho. Sijui unamfanya nini huko, ila usiache. Bodi wote wamesimama. Wanasema kama ndiyo hivi, wao wenyewe hawamuuzi tena."

Ngasa akakivuta kisikizi akakikanyaga. Alipochuchumaa mbele ya Nkwabi, mkono wa mrushaji ulirudi nyuma wenyewe, kama mbwa aliyezoea kupigwa, na joto jingine likapita kwenye soksi, na juu kule wakanguruma tena. Ngasa akaivua soksi yake kwa meno, akaitupa. Kitumaji kinafunguka kwa ufunguo mmoja tu, na ufunguo alikuwa nao yeye, shingoni, misimu minne yote. Alikosa tundu mara mbili. Kila akikosa, ufunguo uligusa pale mfupa ulipokatika, na mashabiki walioko kwenye njia, wale ambao bado walikuwa na soksi, waliguna kwa utamu na wakaona aibu na hawakuvua.

Mara ya tatu kikafunguka. Kibati kikaanguka sakafuni.

Juu kukawa kimya. Kimya cha watu elfu arobaini walionyang'anywa sahani.

Nkwabi akainuka kwa mkono mzima, akiusukuma ukuta. Mandago alikuwa analia waziwazi sasa. Akanyoosha kiganja, kama mtu anayetaka kumsaidia, au kumpiga lile kofi la mgongo, mwenyewe hakuwa na uhakika.

"Umebaki, kaka," alisema. "Ndiyo hivyo, umebaki. Mfupa unaunga. Miezi minne, mitano."

"Najua unaunga," Nkwabi alisema. "Nina mkataba wa misimu miwili mingine na nyinyi."

Akamwangalia Ngasa. Ngasa alisubiri tusi, au ngumi, hata kisu angekipokea. Hakupewa kitu.

Jukwaani mtu mmoja akaanza, halafu kumi, halafu upande mzima wa mashariki, wanagonga viti kwa miguu. Joto. Joto. Joto. Vumbi likaanza tena kushuka darini.

Nkwabi aliukumbatia mkono wake uliovunjika, akaupa mwanga wa uwanja mgongo, ule mgongo wenye alama za vidole vya watu hamsini, akapita katikati ya foleni kurudi alikotoka. Walimpisha. Hakuna aliyempiga.